TAARIFA YA MWEKA HAZINA ILIYOCHELEWA

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa darasa la 2001 katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, uliofanyika pamoja na mahafali ya kidato cha sita.)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze, kwa muda usiozidi dakika ishirini, juu ya maisha ya shule katika miaka yetu. Nilipoisoma niliona kazi ni nyepesi, maana hakuna mwanafunzi wa zamani anayeshindwa kusimulia habari za ugali wa shule. Lakini nilipofungua sanduku langu la zamani la bati kutafuta picha ya darasa, nilikuta chini yake daftari la hesabu za Kamati ya Mahafali ya mwaka 2001. Mweka hazina wa kamati hiyo nilikuwa mimi. Nikaketi kitandani, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, na hotuba niliyokuwa nimeianza nikaiacha.

Hesabu zile hazikupata kusomwa mbele ya darasa. Mtihani ulikuwa umetukabili, na baada ya mtihani kila mtu alishika njia yake. Kwa hiyo leo, kwa ruhusa yenu, nitatoa taarifa ya mweka hazina. Imechelewa zaidi ya miaka ishirini, lakini wazee wetu walisema kawia ufike.

Kabla ya kufika kwenye hesabu, sina budi kueleza tulivyoishi, ili vijana waelewe shilingi ya wakati ule ilikuwa shilingi ya namna gani.

Tuliingia kidato cha tano mwaka 1999, mchepuo wa HGL, tukiwa wanafunzi 44. Wengi walitoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Kilwa. Wachache walitoka Dar es Salaam, na hao walishuka garini na nyuso za watu waliopelekwa mwisho wa dunia. Hatukuwalaumu sana. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003, sisi tukiwa tumekwisha ondoka. Kabla ya hapo gari lilisubiri kivuko pale Ndundu, na mvua zikichachamaa barabara ilikatika kabisa, na mwenye safari ya Dar es Salaam alikwenda bandarini kuulizia meli. Kijana aliyepata barua kutoka nyumbani aliisoma mara tatu, kisha akaisomea bweni zima.

Umeme wa mji ulitokana na mashine za dizeli, na mashine zilipochoka, tulisoma kwa chemli, watu wanne kwa taa moja. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikwisha kugunduliwa tangu mwaka 1982, nasi tuliandika habari zake katika madaftari ya Jiografia, huku moshi wa mafuta ya taa ukituingia puani. Leo gesi hiyo inawasha taa za Mtwara, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka hadi Dar es Salaam. Ninyi mnaohitimu leo mkimaliza prepu hamna masizi puani. Hilo ni jambo la kushukuru.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Wazee wa mji walituambia kimetoka kwenye reli ya karanga, ile ambayo Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwalimu wetu wa Historia alipenda kusema kwamba mradi ule uliondoka na vitabu vyake vya hesabu, ukatuachia bandari na kengele.

Chakula hamhitaji nikieleze. Nitasema tu kwamba siku za Jumamosi akina mama walikuja kwenye uzio na ming'oko iliyochemshwa, na wakati wa msimu walileta mabibo, na mwenye shilingi hamsini siku hiyo alikuwa na marafiki wengi kuliko Kaka Mkuu.

Sasa niwataje wale waliopungua. Katika wale 44, mmoja alihamishiwa shule nyingine. Mmoja Mwenyezi Mungu alimchukua kwa homa wakati wa likizo ya kidato cha tano. Wa tatu ndiye mwenye habari ya leo. Jina lake sitalitaja kwa sababu sikumwomba ruhusa. Shuleni tulimwita Nahodha.

Nahodha alitoka kijiji cha wavuvi kando ya maingilio ya mto Ruvuma, kule ambako mto unagawanyika katika vijito na mikoko kabla ya kuingia baharini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Alijua upepo. Akisimama mlangoni mwa bweni alfajiri aliweza kukwambia kwamba kusi imeanza, na haikuchukua wiki kabla ya sisi wengine kuisikia. Siku moja mwalimu wa Jiografia alichora ubaoni maingilio ya Ruvuma kutoka katika ramani ya kitabu. Nahodha akanyosha mkono, akasema kwa adabu sana kwamba mkondo ule wa kusini haupo tena, mchanga umehama, na mitumbwi sasa inapita mahali pengine. Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akampa chaki. Sijapata kuona tena somo la Jiografia kama lile.

Tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi, tulikusanyika kuzunguka redio ya mwalimu wa zamu, tukamsikia Rais Mkapa, mwana wa Lupaso, akilitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere. Mamia ya vijana walisimama pale na hakuna aliyekohoa. Nahodha ndiye aliyekwenda, bila kuagizwa, kuishusha bendera hadi nusu mlingoti. Namkumbuka hivyo, mgongo wake ukiwa kwetu na kamba mikononi.

Katika muhula wa mwisho wa kidato cha sita ilisomwa mstarini orodha ya waliokuwa wanadaiwa ada. Agizo lilikuwa kwamba wanaodaiwa warudi nyumbani wakafuate fedha. Siilaumu ofisi yoyote. Hali ilikuwa hivyo mahali pengi, na shule nayo ilikuwa inadaiwa unga na kuni. Nahodha alikuwa anadaiwa Sh. 35,000/=. Baba yake alikwisha fariki, na ngalawa ya kaka yake ilikuwa imevunjika kwenye mwamba. Aliondoka siku ile ile. Sanduku lake alituachia bwenini, akasema, "Wiki ijayo nitakuwa hapa."

Wiki iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, mjumbe wa kamati, alinifuata chini ya mkorosho nyuma ya maabara. Aliniambia, "Mweka hazina, fedha ya mahafali ipo. Tumlipie Nahodha, na mahafali tule ugali kama kawaida." Nilimjibu kwamba haiwezekani. Nilimweleza kwamba fedha iliyochangwa kwa kazi moja haiwezi kutumiwa kwa kazi nyingine, na kwamba mimi nimeaminiwa na darasa. Nilisema maneno mazuri sana. Yule mwenzetu alinyamaza, akaenda zake, na jambo lile halikuzungumzwa tena.

Sasa nasoma hesabu.

Mapato. Wanafunzi 42, kila mmoja Sh. 2,000/=, jumla Sh. 84,000/=. Mchango wa walimu Sh. 13,000/=. Jumla ya mapato Sh. 97,000/=.

Matumizi. Mbuzi wawili, Sh. 30,000/=. Mchele, Sh. 8,000/=. Mafuta, vitunguu na viungo, Sh. 5,000/=. Soda chupa 120, Sh. 24,000/=. Kukodi muziki, Sh. 15,000/=. Mpiga picha, Sh. 6,000/=. Jumla ya matumizi Sh. 88,000/=. Salio Sh. 9,000/=, ambazo kamati ilizitumia kujipongeza mjini siku ya pili yake. Kwa matumizi hayo hakuna stakabadhi.

Ndugu Mwenyekiti, wenye masikio makini wamekwisha sikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba soda na muziki peke yake ni Sh. 39,000/=. Deni la Nahodha lilikuwa Sh. 35,000/=. La pili ni kwamba waliochanga ni 42, na katika picha ya mahafali tuko 41. Nimetazama daftari. Namba 17 ni yeye. Alilipa mapema, kabla ya wengi wetu, na saini yake ipo. Alikula nini kati ya mbuzi wale? Hakula kitu. Tulikula elfu mbili zake.

Na bado kuna mstari mmoja chini ya ukurasa, umeandikwa kwa mwandiko wangu: "Samaki, pakacha 1, bure." Siku ya mahafali, asubuhi, lori la chumvi lilisimama langoni na dereva akashusha pakacha la ng'onda. Alisema limetoka kwa kijana wa huko kwenye maingilio, ni kitoweo cha wenzake. Tulishangilia. Tulimsifu Nahodha kwa moyo wake, tukakaanga ng'onda, tukala. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza dereva yule kama anarudi kesho, ili tumpe barua.

Mtihani ukaja, ukapita. Mimi nilichaguliwa kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikamaliza, nikaajiriwa serikalini, na mpaka leo ni mtumishi wa umma. Nimeshika mafungu ya fedha makubwa kuliko lile, na nasema mbele yenu kwamba kanuni niliyomtajia mwenzangu chini ya mkorosho ni kanuni njema. Fedha ya watu isibadilishwe matumizi kwa uamuzi wa mtu mmoja. Lakini kanuni hiyo hiyo ina mlango: waite wenye fedha, uwaulize. Walikuwa 41, wanalala mabweni mawili, hatua hamsini kutoka mahali nilipokuwa nimesimama. Sikuwaita. Niliogopa wangekubali, tukakosa muziki. Katika kazi yangu nimewaona watu wengi wazima wakifanya kama nilivyofanya siku ile: anasimama nyuma ya kanuni, na mwenye shida anaambiwa haiwezekani, kumbe hakuna aliyeulizwa. Kila nikimwona mtu wa namna hiyo namjua haraka, kwa sababu nilimfahamu tangu kidato cha sita.

Mwaka 2019 nilipata safari ya kikazi katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo ilianzishwa mwaka 2000, wakati sisi tukiwa bado shuleni. Katika kijiji kimoja tulikaribishwa na kamati ya kijiji inayosaidia kuwazuia wavuvi wa baruti. Mjumbe mmoja, mtu mwenye mvi chache na mikono mipana, alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mweka hazina. Wale samaki walifika?"

Nilimwambia walifika. Akasema, "Vizuri. Dereva yule nilikuwa na wasiwasi naye."

Tulikwenda kwake. Alimwita binti yake, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, akamwambia, "Msalimie baba yako mdogo, tulisoma pamoja." Binti akaniamkia shikamoo, na mimi nikashindwa kuitikia vizuri. Baada ya chakula nilimweleza habari ya fedha, ya mkorosho, ya soda na ya muziki. Hakukasirika. Aliniuliza tu ni mwenzetu gani aliyetoa lile wazo, nikamtajia, akatikisa kichwa akitabasamu. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Wiki zile za mwanzo, kila nikisikia lori nilikuwa nasimama."

Hakusema zaidi. Tulizungumza habari za pweza na bei ya nyavu mpaka jua likatua.

Sasa nawageukia ninyi vijana mnaohitimu leo. Mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwa sehemu kubwa mtakuwa mnasema kweli. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/2023. Mtoto hafukuzwi tena mstarini kwa ajili ya Sh. 35,000/=. Mimi nimeishi kuona jambo ambalo Nahodha alilikosa kwa miaka ishirini na moja tu, na nalihesabu kuwa katika mambo makubwa nchi hii iliyoyafanya wakati wa uhai wangu.

Hata hivyo, mwanafunzi hapotei kwa ada peke yake. Hupotea kwa nauli. Hupotea mama anapougua na hakuna mwingine wa kumwangalia. Hupotea msimu wa korosho unapokuwa mbaya. Wako wenzenu wanaotoka vijiji vya kando ya Ruvuma, ambao wamekua wakisikia habari za vita vya Cabo Delgado vilivyoanza mwaka 2017 ng'ambo ya mto, na mwezi Oktoba 2020 mashambulizi yakafika hata Kitaya, upande wetu. Kijana wa namna hiyo akichelewa kurudi kutoka likizo, ana sababu ambayo pengine hawezi kuisema mstarini. Na mara nyingi hupotea kwa aibu. Ada imefutwa kwa sheria ya bajeti, lakini aibu haina bajeti. Anayeweza kuiondoa ni mwenzake wa kitanda cha jirani.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, nanyi myachukue kama maombi ya mtu mwenye deni.

Kwanza, leo mkisimama kupiga picha, mjihesabu. Mkumbuke mliingia wangapi. Kama mmepungua, kila aliyepungua awe na mtu mmoja miongoni mwenu anayejua yuko wapi na kwa nini. Siku hizi mna simu mifukoni. Sisi tulikuwa na lori la chumvi, na hata hilo hatukulitumia.

Pili, mkiwa na fedha ya pamoja, kubwa au ndogo, msimpe mweka hazina peke yake uwezo wa kusema haiwezekani. Mwiteni mkutano. Na wewe uliye mweka hazina, ukiletewa wazo lisilo la kawaida, usimjibu mwenzako kabla hujawauliza wenye mali.

Tatu, namwomba Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mkuu wa Shule kwamba katika orodha ya darasa la 2001, ile ambayo jarida hili huichapa kila mwaka, tusiandikwe tena kuwa 41. Tuandikwe 42. Alichanga, aliwafundisha wenzake Jiografia, na alituletea kitoweo. Sioni sifa gani nyingine inatakiwa.

Wenzangu wa darasa la 2001 mlioko hapa, nimezungumza na baadhi yenu usiku wa jana. Tumeanza mfuko mdogo kwa ajili ya nauli na vifaa vya wanafunzi wa shule hii wanaokwama njiani. Mchango wa kwanza ni Sh. 9,000/=, salio la kamati, ambalo nalirudisha mimi, kwa kuwa stakabadhi yake sikuwa nayo. Mchango wa pili ni Sh. 35,000/=. Najua fedha hiyo leo haitoshi hata godoro. Ninyi ongezeeni.

Nahodha nilimwalika. Aliniambia siku hizi ni bamvua, na bahari ikitoka haimsubiri mtu, lakini kama akimaliza mapema atapanda gari. Kiti chake kipo pale, mstari wa tatu. Kila nikisikia gari langoni nageuza shingo, na baadhi yenu mmeniona. Naona ni haki.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo taarifa. Daftari namkabidhi Katibu. Naomba hesabu zipokelewe, ila zisifungwe.

Kwa hayo machache, nawatakia wahitimu heri katika mitihani na katika safari.